Kichupa, nembo na mishale mitatu: wazo la mwanafunzi ni la nani?

Ajali moja ya nyumbani ndiyo ilianzisha yote. Bibi mmoja wa Marekani alikunywa kwa makosa dawa alizoandikiwa mume wake. Vichupa vyao vilifanana: rangi ileile ya chungwa, maandishi yaleyale madogo yanayozunguka kichupa.

Mjukuu wao, Deborah Adler, alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya usanifu School of Visual Arts, New York. Mwingine angemlaumu bibi kwa kutosoma vizuri. Yeye alikilaumu kichupa. Mwaka 2002 akakifanya kuwa kazi yake ya kuhitimu.

Mwaka 2005 kampuni ya maduka ya Target ilianza kutumia kichupa kilichotokana na wazo hilo. Kilikuwa bapa, hivyo mgonjwa alisoma maelekezo bila kukizungusha. Jina la dawa lilikaa juu kabisa. Kila mtu katika familia alikuwa na pete ya rangi yake shingoni mwa kichupa.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza. Kazi nzuri ya mwanafunzi haianzi na kompyuta, wala haianzi na kuchagua rangi. Inaanza na swali: nani anaumia hapa, na kwa nini?

Malipo ni bahati?

Wazo likishatoka chuoni, habari inabadilika.

Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi wa Portland State, alichora alama ya Nike. Alilipwa dola 35. Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa amefundisha uhasibu chuoni hapo. Ilipofika 1983 ndipo kampuni ilimpa pete na hisa kama shukrani. Zilikuwa hisani tu, hazikuwa haki iliyoandikwa kwenye mkataba.

Mwaka 1970, Gary Anderson wa Chuo Kikuu cha Southern California alishinda shindano la kampuni ya vifungashio na kupata dola 2,500. Alichora mishale mitatu inayofukuzana, ile alama ya urejelezaji unayoiona leo kwenye chupa na makasha. Dunia nzima inaitumia bure.

Na kichupa cha Adler? Mwaka 2015 kampuni ya CVS ilinunua maduka ya dawa ya Target. Baada ya hapo kichupa kile kikaondolewa, licha ya malalamiko ya wateja. Wazo lilikuwa zuri, lakini uamuzi ulikuwa wa mwenye duka.

Vipi huku kwetu?

Mashindano ya kubuni nembo yapo mengi Afrika Mashariki, na wanafunzi ndio hushiriki kwa wingi. Tatizo huwa kwenye vigezo na masharti, pale chini kabisa, ambapo mara nyingine kazi zote zinazotumwa, hata zilizoshindwa, zinakuwa mali ya mwandaaji.

Sheria nayo haimsaidii asiyesoma. Hakimiliki hulinda kazi iliyokwisha kuchorwa, hailindi wazo tupu la kichwani. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaichukulia kazi iliyoagizwa kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Tanzania, msanifu anaweza kusajili kazi yake COSOTA, lakini ni wangapi wanafundishwa hilo darasani?

Swali hili limekuwa zito zaidi sasa. Mtu mwenye simu na programu ya akili mnemba anatoa nembo kumi kabla chai haijapoa. Kuchora tu hakumtofautishi tena mwanafunzi na mashine. Kinachobaki kuwa chake ni ule uwezo wa kumwangalia bibi na kugundua kwamba mwenye kosa ni kichupa.

Vyuo vikimfundisha kuona hivyo, vimfundishe pia kusoma mkataba. La sivyo, ataendelea kungoja pete ya shukrani.