Tuimalizie Methali



Wahenga walisema: “Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.” Ni vigumu kupata kikao cha usuluhishi, kiwe cha ukoo au cha jumuiya ndogondogo, ambacho methali hii haijatajwa. Shida ni kwamba mara nyingi tunaitaja nusu. Mzee akishatamka “yaliyopita si ndwele”, wote wanaitikia, chai inaletwa na kikao kinafungwa. Nusu ya pili inabaki nje.

Ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kutibu. Methali hii haituagizi kusahau. Inatupa kazi.

Chukua mfano. Kaka mkubwa ameuza kiwanja alichoacha marehemu baba, na fedha amekula peke yake. Dada zake wanalalamika. Kikao kinaketi, na wanaobembelezwa ni wale dada: “Sameheni, ninyi ni Wakristo.” Kaka anaondoka na fedha, dada wanaondoka na methali. Hapo kimegangwa nini?

Sisemi tusisamehe. Petro alipouliza asamehe mara ngapi, Bwana alimpa hesabu isiyo na mwisho. Lakini Bwana huyohuyo, katika Hotuba ya Mlimani, alimwagiza mtu aliyefika altareni aiache sadaka yake akapatane kwanza na nduguye. Angalia anayetumwa ni nani: ni yule ambaye nduguye ana neno dhidi yake. Mzigo wa kwenda haukuwekwa mabegani mwa aliyeumizwa.

Mkumbuke pia Zakayo. Yesu alimwita kutoka mtini kabla hajalipa hata senti moja. Upendo ulitangulia. Lakini haukuishia mezani. Zakayo alisimama akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Ndiyo maana Kanisa, katika Sakramenti ya Kitubio, linadai malipizi pamoja na majuto na maungamo. Padre akikuondolea dhambi ya wizi, ng’ombe wa jirani bado ni wa jirani.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye alitangaza kuwa amemsamehe aliyempiga, na Desemba 1983 alimtembelea gerezani Roma, wakaketi na kuzungumza. Hata hivyo, mtu yule aliendelea na kifungo chake Italia hadi alipopewa msamaha wa Rais mwaka 2000. Msamaha wa Papa ulikuwa wa kweli, wala haukuichana hukumu ya mahakama.

Wewe uliyeumizwa, samehe, kwa maana kinyongo kinakula chombo kinachokihifadhi. Lakini kudai haki yako kwa utulivu si chuki, na asikutishe mtu kwa jina la Yesu ili unyamaze.

Wewe uliyeumiza, usingoje kuitwa kikaoni. Nenda, na usiende mikono mitupu.

Nanyi wazee na viongozi wa jumuiya, mkikaa tena, imalizieni methali. Kabla ya chai, semeni nani atarudisha nini, lini, na mbele ya shahidi gani. Hiyo ndiyo kuganga yajayo.