Vyumba vya Uani Visibomolewe

Mtaani kwetu hapa Nairobi kuna ubishi mkali. Wenye nyumba wamejenga vyumba vya kupangisha uani, na majirani wengine wanataka vibomolewe. Eti maji hayatoshi, vyoo vinaziba na watoto hawana pa kuchezea. Hawasemi uongo. Lakini mimi naishi katika chumba kimoja cha aina hiyo na mama na ndugu zangu wawili. Kikibomolewa tutahamia mbali, na mimi nitaacha shule hii kwani nauli hatuna.

Tena jambo hili si geni. Mradi wa Dandora, ulioanza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliwapa watu ploti zenye choo na bafu. Wakajijengea vyumba wenyewe, vingine wakavipangisha.

Basi kaunti iviruhusu kwa masharti: mabomba ya maji taka yapanuliwe, njia ya kupitia moto ukizuka iachwe, na kila chumba kiwe na dirisha. Chetu hakina, mimi husomea mlangoni. Jamani, mwenye nyumba na alazimishwe kutoboa dirisha, lakini tusibomolewe chumba!