Simu ya Mkononi na Kauli ya Kijana Katika Mipango ya Maendeleo

Ilipokuwa ikitayarishwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Julai 2025, wananchi zaidi ya milioni moja walitoa maoni yao. Wengi wao walikuwa vijana, na maoni mengi yalifika kwa ujumbe mfupi wa simu. Jambo hili ni la kupongezwa. Hapo zamani kijana wa Mkata au wa Mombo aliyetaka neno lake lifike kwa watunga sera hakuwa na budi kumngojea mgeni rasmi, na mgeni akifika, wazee ndio waliosema kwanza.

Hata hivyo, sisi tunaojiandaa kufundisha shule za msingi katika wilaya hizi za Handeni na Korogwe yafaa tujiulize: kijana huyo alijifunza wapi kuitunga kauli yake? Nashikilia kwamba simu peke yake haimshirikishi mtu katika mipango ya maendeleo. Humshirikisha yule tu aliyekwisha kufunzwa kujenga hoja, na anayetumaini kujibiwa.

Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Mwishoni mwa mwaka 2011 shirika la Daraja lilikiri hadharani kwamba mpango wake ulioitwa Maji Matone haukufaulu. Wanavijiji walikuwa wameombwa kutuma ujumbe wa simu kila bomba au kisima kilipoharibika, nao ujumbe ufikishwe kwa mhandisi wa maji wa wilaya. Zilitarajiwa jumbe 3,000. Katika miezi sita zilifikishwa 53. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wachotao maji ni wanawake na watoto, ilhali simu aghalabu haimo mikononi mwao. Wengine walichelea kuonekana wanawalaumu wakubwa, na wengi hawakuamini kwamba liko jibu litakalorudi.

Mtu wa Handeni hahitaji kuelezwa maana ya jambo hili. Maji ya bomba kuu liitwalo HTM hutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na bomba likikatika ndoo huelekea malamboni. Msichana wa Darasa la Sita ndiye ajuaye siku hasa maji yalipokatika, saa ngapi hupotea njiani, na ni wenziwe wangapi waliokosa shule. Lakini laini ya simu si yake, ni ya baba. Maarifa yako kwa mmoja, chombo kiko kwa mwingine.

Basi kazi ya mwalimu ianzie hapo, na ianze bila simu. Ubao na chaki vyatosha. Ujumbe mfupi wa kawaida huchukua herufi 160, nafasi zikihesabiwa, na kikomo hicho ni zana bora ya kufundishia ufupisho katika somo la Kiswahili. Mwalimu aandike kwanza: “Maji hakuna, tusaidieni.” Wanafunzi waulize wapi, tangu lini, nani ameathirika, na aombwe nani afanye nini. Kisha watunge upya. Nami nilijaribu mwenyewe: “Bomba la shule yetu limekauka tangu Jumatatu. Watoto huchota maji lamboni na kuchelewa darasani. Twaomba fundi aje wiki hii. Mwenyekiti wa kijiji ana habari.” Herufi 157. Nilijisifu kidogo, mpaka nilipousoma tena nikaona nimesahau kutaja jina la kijiji! Darasa lililoamka litaliona kosa hilo mara moja, na litabishana ni neno gani liondolewe ili jina lipate nafasi. Ubishi huo ndio somo lenyewe.

Njia hii si ngeni kwetu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, redio ilisikilizwa na watu wapatao milioni mbili, lakini hawakuisikiliza kila mtu kivyake. Walikaa katika vikundi vyenye viongozi waliopewa mafunzo, wakajadiliana, wakaamua, kisha wakachimba vyoo. Redio ilileta habari. Kikundi ndicho kilicholeta uamuzi. Vivyo hivyo darasani, ujumbe ujadiliwe kwanza, na wasichana wapewe zamu ya kwanza, maana wavulana wetu wana desturi ya kuijibia hata ndoo wasiyoibeba.

Mwalimu mwenzangu atasema kwamba haya yatamletea matata kwa mkubwa wake. Huenda. Lakini Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inampa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, na mwanafunzi wa leo atafikia umri huo baada ya miaka michache. Akifika pale hajawahi kutunga hoja hata moja, atapiga makofi na kurudi nyumbani. Isitoshe, ujumbe wenye tarehe, mahali na ombi haumtukani mtu yeyote.

Ujumbe ukikamilika, mzazi aliye tayari au mwenyekiti wa kijiji autume kwa simu yake. Siku ya kuutuma iandikwe pembeni mwa ubao, na chini yake iachwe nafasi kwa ajili ya siku ya kujibiwa. Majuma mawili yakipita nafasi hiyo ikiwa ingali tupu, darasa liandike barua kwa mtendaji wa kata, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.