Shafti ya usukani haichomelewi

Fundi anayechomelea shafti ya usukani ya pikapu hajatengeneza gari, ameahirisha ajali. Na mwenye gari aliyemwomba afanye hivyo ni mshirika wake. Nayasema haya mapema kwa sababu hapa Lubumbashi kazi hiyo inafanyika mchana kweupe, kando ya barabara ya Kasenga na katika viwanja vya mitaa yetu ya Katuba na Kenya, na hakuna anayeionea haya.

Mimi ufundi nimejifunzia katika karakana za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, nikatoka pamoja na wale wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walioondoka “kwa hiari” kati ya 2003 na 2004. (Hiari yenyewe tuiache leo.) Tangu hapo niko na gereji yangu ndogo, na wateja wangu ni wenye Hilux na Land Cruiser za zamani: wauza makala (mkaa), wauza unga, akina mama wanaoleta samaki wa Luapula. Ni magari yanayoheshimika. Injini zake zinakataa kufa, ndiyo maana vyuma vingine vinakufa kabla yake.

Kwa asiyelala chini ya gari: shafti ninayoizungumzia ndiyo inayotoka kwenye volani, yaani gurudumu la usukani, inapenya ukuta wa injini na kushuka hadi kwenye boksi inayogeuza magurudumu. Haiendi moja kwa moja, inapinda njiani, kwa hiyo ina viungo tunavyoviita kadani. Kila kadani ina msalaba mdogo wa chuma unaozunguka juu ya beringi za sindano. Miisho ya shafti ina meno, na meno yanabanwa kwa bolti. Kiangazi, vumbi jekundu linaingia kwenye beringi. Novemba mvua inaleta matope. Bomba la moshi lililo karibu linakausha grisi. Na zile sindano zinasagika kuwa unga wa kahawia. Dereva anasikia “ko, ko” akigeuza volani gari likiwa limesimama. Kisha gari linaanza kutangatanga barabarani, analivuta kushoto nalo linamsikia kwa kuchelewa. Wengi wanadhani ni rotili, viungo vya karibu na magurudumu. Wananunua rotili, mlio unabaki palepale.

Kipimo hakihitaji mashine. Mtu mmoja akae ndani, injini ikiwa imezimwa, atikise volani kidogo kidogo kulia na kushoto. Mwingine ashike kadani kwa mkono. Upande wa juu ukizunguka na wa chini ukingoja, shafti hiyo imekwisha.

Lakini shafti mbovu kuliko zote nilizoziona hazikulika kwa barabara. Kongo tunaendesha upande wa kulia, ila magari mengi yanayotufikia yametoka Japani kupitia Dar es Salaam, Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, volani ikiwa kulia. Wengine wanayaendesha hivyo hivyo. Dereva akitaka kulipita lori anamwuliza abiria wake kama njia ni nyeupe. Wengine wanapeleka volani ihamishwe kushoto. Kuihamisha kwa haki kunadai boksi ya upande huo, pedali zake, na shafti yenye urefu na pembe zake. Shafti hiyo isipopatikana, ile ya zamani inakatwa katikati, inaungwa kipande cha bomba, inachomelewa na kupakwa rangi nyeusi. Nimetoa moja iliyoungwa kwa nondo ya kujengea nyumba, mistari yake ikionekana chini ya rangi.

Kwa nini hapana? Chuma cha shafti kimepewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Ukikichoma, pembeni mwa uungo kinageuka: hapa kigumu cha kukatika, pale kilaini. Na shafti haibebi mzigo uliotulia. Inasokotwa kulia, inasokotwa kushoto, na kila shimo linaipiga kutoka chini. Ufa unaanza pembezoni mwa uungo, chini ya rangi, na siku ya kukatika volani inazunguka bure mkononi mwa dereva. Wataniambia kuna viwanda vinavyochomelea shafti. Vipo, vyenye chuma kinachojulikana, mtu aliyesomea kazi hiyo na vipimo baada ya kazi. Sisi tunachoma kwa umeme wa mtaa unaopanda na kushuka.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazuri hawalifikirii. Shafti nyingi zimeundwa kwa vipande viwili vinavyoingiliana, ili gari likigonga kwa mbele, zifupike badala ya kuisukuma volani kifuani mwa dereva. Marekani ililazimisha kinga ya namna hiyo kwa magari madogo tangu 1968. Ukivichomelea vipande hivyo vikawa kitu kimoja, umemwekea dereva mkuki.

Jibu la wateja nalijua, nalisikia kila mara: “Papa, uchome tu, feza iko wapi?” Silicheki. Pikapu ikilala gereji, nyumbani sufuria nayo inalala. Lakini shafti nzima iliyotolewa kwenye gari lililokufa inapatikana mjini kwa bei ya magunia machache ya makala, na pikapu hiyohiyo inapakia mengi zaidi katika safari moja. Wala sidai mtu anunue mpya. Naipenda ya kiwandani iliyotumika, kadani zake zikizunguka laini bila kushika wala kucheza, kuliko mpya ambayo jina la kampuni limeandikwa kwa makosa kwenye katoni.

Kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Magurudumu yanyooshwe, volani ifungwe kwa mkanda wa kiti isizunguke, alama ya rangi iwekwe kwenye meno kabla ya kuchomoa. Bolti ya kubana itolewe yote, isilegezwe tu, kwa kuwa inapita kwenye mfereji uliochongwa katika meno. Asiyejua hilo anapiga nyundo, na nyundo inaua boksi. Wakati wa kurudisha, bolti ipite katika mfereji uleule. Fundi akikuambia haikupita ila shafti “imeshika”, usiwashe gari.

Novemba 2012 Toyota iliyaita tena magari karibu milioni 2.77 duniani, Prius na Corolla zikiwamo, kwa ajili ya shafti ya usukani ambayo meno yake yangeweza kulika, na baadhi pia kwa pampu ya maji. Kiwanda chenye maabara kiliyaogopa meno yaliyolika. Sisi tunayafunika kwa moto. Gari lililouzwa mnadani, likavuka bahari na mipaka miwili, halina tena anuani ya kuandikiwa barua na kiwanda. Kwa hiyo atakayeliita ni sisi wenyewe, au hakuna.

Wanaokagua magari mkoani nawaomba kitu chepesi. Bima na vinyeti vya kodi vinasomwa barabarani mara nyingi kuliko boneti inavyofunguliwa. Waifungue. Mmoja atikise volani, mwingine aangalie kadani, dakika mbili zinatosha. Gari lenye shafti iliyochomelewa likokotwe hadi gereji, hata kama karatasi zake zote ni safi. Nawe mwenye pikapu, ukibadilishiwa shafti, dai ile ya zamani mkononi mwako, kisha mwambie fundi aikate vipande viwili mbele yako, maana shafti iliyolika ikipakwa rangi hurudi sokoni, na anayeinunua hataiona ilivyo.