Damu Yetu na Madaftari Yetu Yasipotee Bure

Ndugu zangu wa Ipogolo, nanyi nyote mkaao kandokando ya barabara kuu iendayo Mbeya, uko ugonjwa tuliouzoea mno hata tumeacha kuuliza habari zake. Mama huamka alfajiri vidole vimekakamaa, kikombe hakishikiki mpaka jua lipande, naye huambiwa ni baridi ya Iringa. Vifundo vya mikono yote miwili vikivimba huambiwa ni uzee, ilhali hajafika miaka 40. Wengine humtaja jirani, kwamba amemroga. Basi hununua vidonge vya maumivu dukani mwezi hata mwezi, na viungo vinazidi kupinda.

Hali ya hewa huweza kuzidisha maumivu, sikatai. Lakini ugonjwa huu, baridi yabisi, ni kinga ya mwili iliyogeuka kuushambulia mwili wenyewe, ikauvimbisha utando wa ndani ya viungo na hatimaye kuula mfupa. Ikitambuliwa mapema, zipo dawa za kuituliza. Mfupa uliokwisha kulika haurudi.

Zamani wataalamu waliona magonjwa ya namna hii ni haba Afrika. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood aliandika katika jarida la Lancet kwamba ni nadra kwa Wanijeria, akashuku kuwa malaria na vimelea vingine huibadili kinga. Wazo hilo ni zito, na linastahili kuchunguzwa hata leo. Ila nasi tujiulize: mgonjwa asiyeandikwa popote, nani atajua kwamba yupo?

Tazameni walivyofanya Sweden. Katika eneo la Umeå, kaskazini mwa nchi hiyo, watu walitoa damu wakiwa wazima, ikawekwa kwenye majokofu ya baridi kali. Miaka ikapita, baadhi yao wakaugua baridi yabisi. Kwa kuwa kila raia ana namba moja imfuatayo kila aendako kutibiwa, watafiti waliweza kuirudia damu ya zamani ya kila mgonjwa. Mwaka 2003 wakatangaza kwamba kingamwili za ugonjwa huo zilikuwamo damuni miaka kadhaa kabla ya kiungo chochote kuuma. Hakuna daktari, awe hodari namna gani, ambaye angelijua hilo kwa kumtazama mgonjwa aliyekwisha kuvimba.

Wala msiseme hayo ni ya Ulaya. Hapo Mbeya, kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na wenzake walianzisha mwaka 2006 mradi wa EMINI, wakawafuatilia maelfu ya watu katika maeneo tisa ya mkoa, wakichukua damu na kuandika habari zao. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2016 ilitangazwa kwamba huko Kyela wenye minyoo ya matende walikuwa wakiambukizwa VVU kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wasio nayo. Jambo kubwa namna hiyo limetoka kwa wakulima wa mpunga na kakao waliokubali kunyoosha mkono. Kwa nini baridi yabisi isichunguzwe vivyo hivyo?

Tena majibu ya Ulaya hayatutoshi. Jeni iitwayo PTPN22 ina umbo linaloongeza hatari ya ugonjwa huu kwa Wazungu, nalo kwa Waafrika karibu halipo. Kipimo cha zamani cha baridi yabisi huweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu mwenye maambukizo ya muda mrefu tu. Tutajuaje kipimo kipi kinamfaa mwanamke wa Ipogolo, kama damu ya wanawake wa Ipogolo haimo katika hesabu?

Kinachoniuma zaidi ni madaftari yetu. Leo mtu anakwenda kituo cha afya na daftari jipya kwa sababu la jana limepotea. Huku ameandikwa kwa jina la mume, kule kwa jina la baba, na umri unakisiwa. Akipanda mjini hospitali ya rufaa, anaanza upya kama mgeni. Damu ingehifadhiwa vizuri kiasi gani, ingeunganishwa na nani? Mwenye VVU ana kadi ya CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba, na namba yake, na historia yake inafuatika. Tumeshaonyesha kwamba tunaweza. Tulitunze daftari, tutaje jina lilelile kila mahali, na waganga waandike ugonjwa wanaoudhani, wasiishie kwenye "maumivu ya viungo".

Najua hofu iliyopo, kwamba damu yetu itauzwa na siri zetu zitatembea mitaani. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na utafiti wa afya hauruhusiwi bila kibali cha maadili. Basi akija mtafiti, mwombeni kibali. Mwulizeni damu itakaa wapi, nani ataitumia, na majibu yatarudi Ipogolo kwa njia gani. Karatasi ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili, na bibi asiyekielewa vema aelezwe kwa Kihehe, kisha apewe nakala yake aondoke nayo nyumbani.