Ajuza wa Musamo na Hofu ya Uchawi

Msomaji mpenzi, kama kwenu ni Mwala, Masii au Wamunyu, huhitaji kuelezwa tofauti ya mundu mue na mundu muoi. Wa kwanza ni mganga, wa pili ni mchawi. Hata wewe uliyehamia Nairobi na kusoma vitabu vingi, ukikuta kitu kimefungwa kwa kamba na kutundikwa mlangoni mwa mtu, hutakigusa. Usinibishie.

Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyookoa roho za watu zaidi ya 100 nchini Rwanda mwaka 1994.

Aliyeitumia ni Zura Karuhimbi, ajuza wa kijiji cha Musamo, wilayani Ruhango. Alizaliwa katika ukoo wa waganga wa mitishamba, naye akairithi kazi hiyo. Mauaji ya Watutsi yalipoanza mwezi wa Aprili, majirani na watu asiowajua walikimbilia kwake. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili tu! Wengine aliwalaza chini ya kitanda, wengine akawapandisha darini, na inasemekana wengine walifichwa katika shimo shambani. Walikuwemo Watutsi, Warundi na hata Wazungu watatu.

Interahamwe walipofika na mapanga yao, mama huyu hakuwa na bunduki wala askari wa kumlinda. Alijipaka dawa ya majani yanayowasha, akaipaka na nyumba, kisha akawagusa wauaji kwa mikono yake. Ngozi zikaanza kuwawasha. Akatikisa bangili zake na kuwaonya kwamba wakiingia humo watakuwa wamemchokoza Nyabingi, pepo anayeogopwa sana Rwanda na kusini mwa Uganda. Watu waliokuwa wakiua watoto mchana kweupe wakarudi nyuma kwa kuogopa bangili na mwasho! Walirudi tena siku nyingine, naye akawatisha tena.

Je, alikuwa mchawi kweli? Mwenyewe alikana katakata. Alisema uchawi ule ulikuwa wa kuwatishia tu.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza. Alisimulia kwamba katika ghasia za mwaka 1959, wavulana wa Kitutsi walipokuwa wakiwindwa, alichukua shanga za mkufu wake akamwambia mama wa mtoto wa miaka miwili amfunge nazo nywele ili adhaniwe msichana. Kwa maelezo yake, mtoto huyo ndiye Paul Kagame. Mwaka 2006, Rais Kagame alimvisha nishani ya waliopinga mauaji ya kimbari.

Ulimwengu unamfahamu zaidi Irena Sendler, yule mama wa Poland aliyesaidia kuwatoa watoto wa Kiyahudi katika mtaa waliofungiwa na Wajerumani mjini Warsaw. Anastahili sifa zake zote. Lakini Sendler alikuwa na kundi la siri la wenzake nyuma yake. Karuhimbi alikuwa na jina baya tu.

Na jina hilo, msomaji wangu, kwetu Kenya huua. Mwaka 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto huko Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Pwani nako, wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizo hizo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo kijana fulani analimezea mate. Tazama basi hatari aliyojitia mama yule: alijiita kwa hiari yake jina ambalo ajuza wengine hulikana huku wakilia. Laiti mmoja tu kati ya wale vijana wenye mapanga angeamua kwamba mchawi naye afe!

Karuhimbi alifariki Desemba 2018, akiwa na miaka ipatayo 93 kwa mujibu wa kitambulisho chake, ingawa wapo waliosema alishapita 100. Alizeeka katika umaskini, akitunzwa na mpwa wake. Ile nishani hakuivua mchana, na usiku aliilalia chini ya mto.