Safari ya meli isituponze kwa haraka

Sisi tuliosomea ukimbizini upande wa Bukoba tumewaahidi watoto wetu safari ya meli hadi Mwanza kwa miaka mingi. Mwaka 2014 MV Victoria ilisimamishwa kwa uchakavu. Ilipokarabatiwa na kurejea majini Agosti 2020, mipaka yetu ya nchi kavu ilikuwa imefungwa kwa wasafiri kwa sababu ya korona, hadi tarehe 7 Machi 2022. Kisha karo za shule zikatuzuia.

Sasa wengi hapa Kigali wanajiandaa kwa likizo ndefu, na wafanyabiashara wa Rusumo wanataka kuchukua na mizigo. Ni jambo jema. Hata hivyo, kujiandaa si kununua begi na kukaanga maandazi tu.

Tusisahau kwamba tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, mamia wakafa. Septemba 2018 MV Nyerere, nayo ikiwa imejaza, ilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 200. Mwenye kukata tiketi ana wajibu wake, lakini hata abiria ana macho.

Kwa hiyo kila mtoto awe na tiketi yake na jina lake liandikwe. Mzigo upimwe bila kuficha kilo. Ulizeni maboya yalipo kabla ya kutafuta pa kulala. Mkiona meli imejaa, rudini Bukoba mjini mkalale. Tumesubiri tangu 2014. Kusubiri meli inayofuata hakutatuua.